Siku Nilipong'oa Magneto ya Shemeji

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Sawa, nakubali. Lakini shemeji yangu hajafa. Yupo pale barazani, amekalia kiti changu, kwa hiyo nitamsema ninavyotaka, na akisikia shauri yake.

Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Watu wanamwita Bwana Cheche. Jina hilo alilipata ujanani kwenye karakana ya shamba kubwa la kampuni, alikoajiriwa kufagia akiwa na miaka kumi na sita. Fundi mkuu wa pale alikuwa mchoyo wa kazi, hamfundishi mtu. Cheche akajifunza kwa kuiba na macho, ufagio mkononi. Alipokuja kuaminiwa kushika spana, hakupima magneto kwa kifaa kama wenzake. Alishika ncha ya waya wa plagi kwa vidole, akamwambia mtu azungushe. Akirushwa na umeme, magneto nzima. Asiporushwa, mbovu. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, yeye akaona ni sifa. Miaka thelathini na moja alirushwa hivyo. Mimi nasema umeme ulimpanda kichwani na haukushuka tena.

Mke alikuwa naye. Alimkimbia zamani, kabla sijaolewa mimi. Nilikutana naye siku moja sokoni nikamuuliza, dada, ilikuwaje? Akaniambia, "Nilichoka kuomba ruhusa ya kuwasha redio." Nilicheka sana siku ile. Sikujua kwamba foleni ile ile ilikuwa inanisubiri.

Kampuni ilipofunga shamba, Cheche na mume wangu walichukua pamoja trekta moja kuukuu la pale, lenye umri wa kuwazidi wote wawili. Mume wangu akawa dereva, kaka yake fundi. Likalazwa uani kwangu kwa sababu sisi ndio tulikuwa na banda. Na nisiwe mwongo, mkono anao. Aliweza kusimama mbali akasikiliza likinguruma, akakwambia plagi ya tatu imechoka, na ukiifungua unakuta kweli imechoka. Ubaya ni kwamba na yeye alijua anao.

Trekta lile liliwaka kwa magneto. Kwa asiyejua, magneto ni dude linalojitengenezea umeme wake lenyewe, halitaki betri. Unazungusha hendeli mbele ya trekta, magneto inazunguka, cheche inatoka. Ndani yake kuna kijiti cha kaboni, kidogo kama punje ya mahindi, kinachopitisha umeme kwenda kwenye plagi. Ukikitoa kijiti hicho, utazungusha hendeli mpaka nywele ziote mvi.

Wiki moja baada ya kumzika mume wangu, viti vya matanga havijarudishwa kwa wenyewe, Cheche aliingia uani na bisibisi. Hakubisha hodi. Akafungua kifuniko cha magneto, akatoa kile kijiti, akakitia kwenye kiberiti kitupu, kiberiti akakitia mfukoni.

"Trekta likae kwako, shemeji," alisema. "Roho yake itakaa kwangu."

Nikamuuliza, kwani mimi nimeiba? Akanijibu eti mwanamke na mashine ni vitu viwili, akaenda zake.

Misimu mitatu nililima kwa kuomba. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka mgongo ukauma. Nikienda kwake, ananiacha mlangoni nimesimama huku ananyoa ndevu, shavu moja, la pili, kidevu, halafu ananigeukia: "Haya, sema shida yako." Utadhani haijui! Mawingu yamejaa juu ya kichwa chake naye anauliza shida yangu. Alilima kwanza shamba lake, kisha la wifi yangu, yaani dada yao, kisha langu kama mvua imebaki. Akimaliza, kijiti kinarudi mfukoni. Mwaka jana alikuja mvua imeshapita wiki mbili. Mahindi yangu yaliishia magotini. Nilisimama katikati ya shamba nikalia peke yangu kwa hasira, na nikaapa kwamba mtu yule hataniona tena mlangoni kwake.

Sasa, jambo ambalo ukoo ule haukuwahi kuniuliza ni mimi nimetoka wapi. Baba yangu alikuwa fundi wa magari. Nimekulia gereji, nimefundishwa kuhesabu kwa spana. Magneto nilikuwa siijui, lakini distributa naijua tangu meno ya utotoni. Distributa haijitengenezei umeme. Inapokea kutoka kwenye betri kupitia koili inayoukuza, halafu inagawa cheche kwa kila plagi kwa zamu yake. Na nilikuwa nimeshaambiwa na muuza vyuma chakavu kwamba matrekta ya aina ile yaliyotoka baadaye yalikuja na distributa, tena inakaa kwenye tundu lile lile la magneto. Alikuwa nayo moja, imejaa kutu na buibui. Nikaileta nyumbani nimeikumbatia kama mtoto.

Kazi ilinichukua siku sita. Niliosha distributa kwa petroli, nikabadilisha kondensa na pointi, vile vipande vinavyofunguka ndipo cheche itoke, nikapaka mhimili mafuta. Nilifunga koili ubavuni mwa injini na betri chini ya kiti. Waya wa zamani wa kuzimia niliung'oa nikautupa, maana magneto huzimwa kwa kuunganisha waya na bodi, lakini distributa huzimwa kwa kukata umeme. Ukivichanganya viwili hivyo unaunguza waya wote. Na magneto yenyewe niliifungua bolti mbili, ikatoka na tope la mafuta ya miaka yote. Niliiweka juu ya meza ya banda nikaitazama. Hata huruma sikuisikia.

Ikabaki taimingi, yaani kuweka cheche itoke wakati ule hasa inapotakiwa. Kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kuna alama nyeupe. Cheche aliipaka kwa mkono wake zama za kampuni, na amekuwa akiipaka upya kila mwaka. Unachungulia kwenye kidirisha, unazungusha mpaka alama isimame katikati, hapo ndipo unaweka cheche. Mume wangu alinionyesha. Na mimi, kwa haraka zangu, niliifuata. Nikaikaza distributa kwenye alama ya shemeji.

Kilichoniokoa ni tabia ya baba. Baba hakuamini alama ya mtu mwingine. Nikafungua plagi ya kwanza, nikaingiza kijiti cha ufagio kwenye tundu mpaka kikagusa pistoni, nikazungusha hendeli polepole. Kijiti kinapanda, kinapanda, na kabla hakijafika juu, bado upana wa kidole, pointi zikafunguka. Cheche ingetoka pale. Nikasimama nikajiuliza: pistoni bado inapanda, halafu moto unaipiga kichwani? Itarudi chini kinyume, na hendeli itarudi nayo.

Ndipo nikakumbuka ule mlio wa magneto. Ukizungusha hendeli, ndani yake huwa kuna springi inayosema tak! Springi ile ndiyo iliyokuwa inaichelewesha cheche wakati wa kuwasha, mpaka pistoni ipite juu. Injini ikishakimbia springi inajitoa, na alama inabaki kuwa sahihi. Distributa haina springi hiyo. Ukiiweka kwenye alama ya magneto, haisubiri mtu. Alama ile haikuwa mbaya. Ilikuwa ya kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa juu ya meza.

Nikarudisha plagi, nikachukua spana ya nusu inchi, nikalegeza bolti ya distributa. Robo dakika tu ya kazi: kuizungusha nyuma kidogo na kukaza. Na hapo hapo nikasikia sauti ya wifi yangu getini.

Wifi huyu ndiye mwamuzi wa ukoo. Akisema kikao, ni kikao. Nyuma yake alikuwa Cheche, amevaa shati jeupe, kiberiti kinaonekana mfukoni. Wote wawili walikunja nyuso.

"Nimeambiwa umeng'oa magneto ya kaka," wifi alisema.

"Nimeng'oa magneto ya trekta," nikamjibu. "Kaka yako mbona yuko mzima?"

"Usinijibu hivyo, wifi."

"Basi usiniulize hivyo."

Cheche hakunitazama mimi. Aliingia bandani, akaiona magneto yake mezani. Aliishika, akaifuta tope kwa kiganja, akaiweka tena. Halafu akaisogelea distributa na kuinamia kama daktari.

"Takataka ya barabarani," alisema. "Hii ni ya kigari cha kubebea mikate. Unataka ilime?"

"Italima."

"Kwa betri? Betri ikifa shambani utasukuma na kichwa?"

"Nitasukuma na kichwa. Ni changu."

Wifi akakata maneno. Akasema mvua iko karibu, hana nafasi ya kusikiliza ugomvi wa watu wazima. Trekta liwashwe pale pale. Likiwaka, mimi nibaki nalo na nijipangie mwenyewe siku ya kulima. Lisipowaka, magneto inarudi, na trekta lenyewe linahamia kwa Cheche siku hiyo hiyo. Nikasema sawa. Ningekataa nini? Bolti ilikuwa imelegea na spana iko mkononi. Nilikuwa nimeshashinda.

"Nipeni dakika moja nimalizie," nikasema, nikainama.

Nikahisi mkono begani. Cheche alinivuta nyuma, si kunigusa, kunivuta, mpaka nikagonga meza kwa kiuno.

"Weka spana chini. Ukiigusa tena umeshindwa. Umeiweka kwenye alama?"

"Niliiweka kwenye alama."

"Alama yangu?"

"Alama yako."

Akachungulia kidirishani, akazungusha hendeli taratibu kwa kuhakikisha, akaona rangi yake nyeupe imesimama katikati na pointi ndiyo kwanza zinafunguka. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshika mwizi akiwa na mali yake. Akakaza bolti yeye mwenyewe, kwa spana yangu.

"Unaona?" alimwambia dada yake. "Hata akitaka kunikimbia, lazima apite kwenye alama yangu." Kisha akanigeukia mimi. "Na hendeli nazungusha mimi. Wewe utaivuta kilegevu, halafu useme trekta limerogwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, shemeji."

Akawasha swichi ya betri, ile niliyoiandikia "washa" kwa chaki. Akainama mbele ya trekta, akashika hendeli.

Nitasema ukweli hapa, kwa sababu hakuna mwingine wa kuusema. Niliuona mkono wake. Hendeli hushikwa kwa vidole vyote upande mmoja, kidole gumba kisiuzunguke mpini, ili ikirudi ghafla ikuache. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mume wangu hivyo. Lakini magneto ile haikuwahi kumrudishia miaka yote, na mtu asiyepigwa husahau kukwepa. Alikuwa ameushika mpini kwa ngumi nzima. Nilikuwa na nafasi ya kusema "ngoja". Neno dogo. Nikatazama lile bega langu alilolivuta, nikatazama kiberiti mfukoni mwake, nikalimeza.

Akavuta kwa nguvu, apate kuonekana.

Guu halikuvunjika. Ulivunjika mkono. Injini ilikohoa mara moja, paa!, hendeli ikarudi kinyume na kumbeba. Nilisikia mfupa. Alianguka kifudifudi juu ya bampa, halafu chini, na kiwiko kimekaa mahali ambapo si pa kiwiko. Hakupiga kelele. Wifi ndiye aliyepiga, akaita majirani na Mungu kwa pumzi moja. Akaja mtu wa nyumba ya pili na pikapu, wakamwinua, wakampakia nyuma juu ya magunia matupu.

"Panda twende!" wifi aliniita.

"Nakuja," nikasema.

Sikupanda. Nilichukua spana, nikalegeza bolti, nikarudisha distributa nyuma kwa upana ule nilioupima, nikakaza. Nikashika hendeli kwa vidole vinne na gumba upande wao. Mvuto wa kwanza, kimya. Mvuto wa pili likawaka. Liliwaka vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia tangu niolewe. Pikapu ilikuwa bado inageuza getini, na nikamwona Cheche amelala juu ya magunia, ameinua kichwa, anasikiliza. Alikuwa anasikiliza kama anavyosikiliza plagi. Kisha gari likaondoka.

Nililima siku ile. Ndiyo, nililima! Niliunganisha jembe nikaenda, nikamaliza shamba lote la chini huku wenzangu wako hospitali. Mnataka niseme nilikuwa na huzuni? Sikuwa nayo. Niliimba. Huzuni ilikuja baadaye, na haikuja peke yake.

Ilikuja na wifi, siku ya tatu. Alimshusha Cheche uani kwangu akiwa na plasta kuanzia vidole mpaka karibu na kwapa, na mfuko wa nguo. Akasema, "Trekta ni lako sasa, sivyo? Basi trekta lako ndilo lililomvunja. Kwake hana mtu. Hawezi hata kufunga kifungo." Nikasema wewe ni dada yake. Akasema yeye ana mgonjwa nyumbani tayari, na kwamba kikao kimekaa. Kikao gani, na nani? Alikuwa ameshapanda gari.

Kwa hiyo huyu mtu niliyetaka nisimwone tena, ninamwona kila siku kuanzia mswaki. Namkatia nyama. Namfunga viatu. Namfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, uso wake uko pale juu ya mikono yangu na unanuka sabuni yangu. Hasemi asante. Akisikia nalirudisha trekta jioni anasema, "Plagi ya pili inakosa," na nikiifungua, mshenzi yule, nakuta kweli inakosa.

Na kila anayekuja kumpa pole anamuuliza ilikuwaje. Jibu lake ni moja: "Niliteleza kwenye mafuta." Daktari kaambiwa aliteleza. Majirani, aliteleza. Hata wifi, aliyekuwa amesimama pale pale na macho yake mawili, ameshaanza kusema kaka aliteleza. Mwanzoni nilifurahi. Nikasema hawezi kukiri kwamba alama yake ndiyo iliyompiga, bora kichwa kikatwe. Wiki ya tatu, uwongo ule ulianza kunisumbua. Ningependa anitukane mbele ya watu. Ningependa aniite muuaji nijitetee. Utajiteteaje kwa mtu anayesema aliteleza?

Jana asubuhi sikuweza tena. Nilikuwa nimefika kifungo cha tatu.

"Kwa nini huwaambii?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini?"

"Unajua nini."

Nikafunga cha nne.

"Ulijua itanirudia?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nilijua. Ndiyo maana bolti ilikuwa imelegea. Nilikuwa nairekebisha uliponivuta."

"Na ulipoona nakunja gumba?"

"Niliona."

Nilisubiri anipige kwa mkono mzima. Kusema kweli nilimsogezea shavu. Badala yake akacheka, kicheko kikavu kilichomtikisa mpaka plasta ikamuuma akashika mbavu.

"Ningekuwa mimi," alisema, "ningenyamaza vile vile. Tena ningekwambia uvute kwa nguvu zaidi."

Nilijua anasema kweli, na moyo ulinipasuka. Miaka kumi na minane nimewaambia watu wote, marehemu mume wangu, mama yangu, majirani, kwamba mimi na yule mtu hatufanani hata kwa kivuli. Nikasema tu, "Mimi si kama wewe." Sauti ilitoka ndogo.

Akainua kidevu ili nifunge kifungo cha juu.

"Karibu kwenye ukoo, shemeji," alisema. "Sasa ndiyo umeolewa."